Bega Langu Lilipopimwa kwa Pima Maji

Chumba cha nyuma,
Juu ya duka la vioo.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Bibi, mchumba wangu wa tangu utotoni,

Hujambo? Miguu inaendeleaje, na macho je? Shangazi akikusomea barua hii, mwambie asiruke mistari ninamomsema yeye. Huku sote wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua hata chembe. Mimi nazidi kupendeza. Pole kwa kuwa mbali.

Sasa kaa vizuri, nina la kukiri. Barua iliyopita nilikwambia bega limepona na nimerudi kupiga lipu darini. Ulikuwa uongo, Bibi. Sijapona.

Unajua nilivyoumia: nilibeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo, mmoja kila bega, ili mafundi wa umeme wanione. Wakaniona kweli, nikienda chini kama mfuko wa tatu. Nilitua kwa bega la kulia. Daktari akasema mfupa haukuvunjika, ila kano, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa na mfupa, zimevutika na moja imechanika kidogo. Hazitaki kisu, zinataka subira. Hapo nikajua nimekwisha, maana ukoo huu haukujaliwa subira, na chimbuko ni wewe.

Wiki tatu mkono ulining'inia kwenye kitambaa shingoni kama kichanga. Kisha mama wa mazoezi ya viungo pale hospitalini akanipa kazi: nisimame mbele ya ukuta, nitembeze vidole kupanda juu, nikifika panapouma niache, nichore alama ya penseli. Bega lenyewe libaki chini, alisema. Hilo la mwisho liliingia sikio hili likatokea lile.

Bibi, alama zangu zilipaa! Pua, paji la uso, hadi usawa wa kizingiti cha juu cha mlango, siku kumi tu. Nikaita majirani watazame. Nikamwita na fundi wangu, yule tunayemwita Nukta kwa sababu hakubali ukuta upinde hata upana wa ukucha. Dari ya ukumbi mpya wa shule ilikuwa inanisubiri, na nisingerudi mapema angempa mwingine.

Nukta akanitazama nikipanda. Akatoa kwenye mfuko wake pima maji, ile rula yenye povu ndani ya kichupa linalokaa katikati penye usawa, akailaza nyuma ya shingo yangu, bega hadi bega. Povu likakimbilia kulia, likaganda huko.

"Kijana, mkono haujapanda. Umenyanyua bega zima, na visigino juu."

"Lakini Fundi, alama si unaiona?"

"Naiona. Ukuta umenyooka, wewe ndiye umepinda. Ungekuwa ukuta ningekubomoa."

Kesho yake akanipeleka hospitalini mwenyewe, akanisemea yote. Mama wa viungo akaeleza kwamba nikilazimisha hivyo, kano zinazojiunga zitavutika tena; na nikikaa tu bila mazoezi, bega litakaza. Kwa hiyo taratibu, kila siku, bila mizigo, na nisilalie upande ule. Kazi ya darini marufuku miezi miwili. Bibi, nililia. Usimwambie Shangazi. Basi, ameshasoma.

Tukatoka na Nukta hadi getini. Ndipo akasema dari ile atampa mwingine, hana jinsi. Ila anataka niende kila asubuhi nimkagulie kuta za wenzangu, maana sasa naelewa mtu anavyopinda bila kujijua. Wenzangu wameshaanza kuniita Bwana Mkaguzi, na mimi naitika.

Alama za zamani nimezifuta zote. Sasa Mama husimama nyuma yangu na pima maji, ananizomea povu likisogea. Leo nimefika kidevuni. Kidevuni tu, Bibi, lakini ni kidevu cha halali, na hakikuuma.

Nisalimie Shangazi msomaji, Mjomba Kimya, na binamu yangu Kijiko, umwambie hata kwa mkono wa kushoto namwangusha. Mungu akutunze, akupe usingizi mzuri na majirani wasio na kelele.

Ni mimi mumeo mdogo, nikupendaye kwa mkono mmoja na nusu,

Mjukuu wako wa darini (kwa sasa niko chini)