Uso wa Papa Safari

Jumatano. Mawingu yamefunika volkano tangu asubuhi, na mvua inakataa kunyesha. Sijala. Nimerudi kutoka darasani, mtaa wa Katoyi, nikajifungia ndani.

Wanaosoma blogu hii wanajua kazi yangu: nachora vibao vya maduka, na kila Jumatano nafundisha vijana kumi na wawili kutazama picha za siasa bila kumezwa nazo. Nafunika picha kwa vipande vya karatoni, nafungua kipande kimoja kimoja, wao wananiambia wanachofichwa. Leo nilipeleka picha ya bango la zamani: raia anacheka, amepeana mkono na askari wa waasi.

Sikuwaambia kwamba bango lile nililichora mimi.

Waasi walipouteka mji, mkubwa wao alinipa siku mbili nichore bango. Alitaka raia mwenye furaha. Sisi wachora vibao wa Goma tuna tabia moja: tukihitaji sura, tunaazima ya jirani. Papa Safari, fundi viatu wa mtaa wetu wa Mapendo, alikuwa tayari kwenye kibao cha kinyozi na cha duka la dawa, akijisifu kwa wateja kwamba yeye ni staa. Mkono wangu ulishamzoea. Kwa woga na haraka, nikamchora yeye bila hata kumuuliza.

Waasi walipoondoka, watu wakasema amelipwa. Walimpiga, wakachoma kibanda chake. Alivuka mpaka wa Bunagana, akafia ng'ambo. Mimi nilinyamaza. Ningesema, wangenigeukia mimi.

Basi leo nimefungua kipande cha kwanza, ule uso tu, na Neema, msichana aliyejiunga nasi mwezi huu, akasimama.

"Huyu ni papa yangu."

Nilitamani kurudisha karatoni. Nilijua Papa Safari aliacha mtoto, lakini nilimwona mara ya mwisho akiwa mdogo sana, nisingeweza kumtambua. Akaja mbele, akaondoa karatoni yote mwenyewe, akamtazama yule askari kwa muda mrefu.

"Foto zetu zote ziliungua kwetu Buhene, wakati volkano ilishuka," alisema. "Siko tena na sura yake. Munipatie hii, mwalimu."

Nikamwambia kwamba niliyemchora ni mimi, bila kumuuliza. Mbele ya wote. Sikujitetea, ingawa utetezi nilikuwa nimeuandaa miaka yote hii.

Hakulia. Hakunitukana, na mimi ningependa anitukane. Aliuliza tu, "Alikuwa anacheka vile kabisa?"

Ndiyo, nilimjibu. Kicheko kilikuwa chake. Nilikiiba siku aliyokuwa akinitania kwa sababu ya soli zangu zilizotoboka.

"Basi umuchore tena. Yeye peke yake."

Nimekaa mbele ya ubao mtupu tangu saa tisa. Nyusi zinakuja, mdomo unakuja, lakini kila nikifika kwenye bega la kulia, mkono wake unanyooka kwenda kumsalimia askari. Nimefuta mara nne. Nilikaa jirani naye miaka, akishona viatu mbele ya macho yangu, na leo siwezi kuikumbuka mikono yake ikifanya kitu kingine.

Neema anakuja Jumatano ijayo. Nitamwonyesha nini?