Shangazi wa Nafula

Jumanne, 6 Agosti 1996
Uji tena, vikombe tena. Mama kanileta kusaidia makao ya watoto hapa Ziwani, eti likizo nisiimalize nikizurura kule kwetu, mtaa wa Tena. Sweta yangu nimeificha juu ya kabati. Hawa watoto siwaamini. Wananichekea mno. Anayenikera zaidi ni Nafula, wa miaka sita hivi. Haongei, ananifuata tu. Anataka nini?

Ijumaa, 9 Agosti
Siku ya kusuka. Nafula hakubali kushikwa kichwa na yeyote, lakini leo kaja mwenyewe akakaa katikati ya magoti yangu. Nikadhani ni ujanja. Chanuo lilipogusa juu ya sikio, alinikwaruza mguu. Chini ya nywele kuna kovu la moto, pana kama kiganja chake. La zamani. Nikaanzia kisogoni, nikalizunguka polepole. Nilikuwa na hasira siku nzima, sijui za kumkasirikia nani.

Alhamisi, 15 Agosti
Kaibuka shangazi yake. Peremende, viatu vya kung'aa, machozi ya haraka haraka. Anasema ndiye aliyemlea tangu akinyonya, akimsuka kila Jumapili, hadi wakapoteana mwaka jana. Nafula hakumkimbia wala kumkaribia. Mama Rebeka, msimamizi wetu, amefurahi. Mimi sijafurahi. Mbona huyo shangazi hajauliza kama mtoto anakula, kama anaumwa? Wasichana wadogo huchukuliwa hivi hivi wakafanywe mayaya. Anamchukua Jumamosi.

Ijumaa, 16 Agosti
Nimemwambia Mama Rebeka ninavyoshuku.
"Wewe Jeni, hata malaika utamshuku!"
Nililia mbele yake. Aibu tupu. Nikamwomba kitu kimoja: shangazi amsuke kabla hawajaondoka. Akaguna. Hakukataa.

Jumamosi, 17 Agosti
Shangazi aliingiza chanuo pale pale juu ya sikio, akavuta kwa nguvu. Nafula hakulia. Alinitazama mimi. Mama Rebeka akaja, akafunua nywele, akaliona kovu.
"Dada, ulikuwa unamsuka wapi, na hili hulijui?"
Eti labda aliungua juzi. Akaambiwa arudi na barua ya chifu wa kwao. Aliondoka bila kumuaga mtoto.

Jumapili, 1 Septemba
Shangazi hajarudi. Kesho shule. Huenda alikuwa tapeli. Huenda pia ni shangazi kweli, aliyeongeza chumvi ili tumwamini, kisha akamwogopa chifu. Sijui, na inaniuma. Labda nimemnyima Nafula kwao.

Nimemwambia Mama nitakuwa nikienda makao kila Jumamosi. Alinitazama kama ana mgeni nyumbani. Akauliza mpaka lini.

Mpaka mtu wake wa kweli aje, nikasema. Na huyo pia nitamchunguza.