Spika za Masikioni za Mama Mihuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kuzitukana. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungesema tu haya, niambie, nami ningeanza kulia kabla ya kusema lolote.

Kazini nimethibitishwa. Ningependa habari ziishie hapo.

Unakumbuka kwamba rafiki yako, ambaye ofisini tunamwita Mama Mihuri, ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa wakili wetu, akamwambia mimi ni mwoga lakini kwenye hesabu sikosei. Kazi yake ni kuhakiki kila hati kwenye kompyuta kabla ya kuigonga muhuri. Huketi karibu na dirisha, spika za masikioni kazivaa tangu asubuhi, na tarishi wetu humtania kwamba siku nyimbo zikikatika na mihuri itagoma. Yeye humwambia aendelee kusukuma baiskeli yake, muziki awaachie wenye masikio.

Mwezi uliopita, nikipitia taarifa ya benki, niliona makato yanayojirudia kila mwezi, yakienda kwa kampuni ya programu za kompyuta ambayo sikuwahi kuisikia. Hayakuwa makubwa, lakini nilimwonyesha wakili. Aliniuliza ni ya nini, nikakiri sijui. Akaniagiza nimtafute mwenye nayo, na asipopatikana tuyasimamishe.

Mtu mwingine angepita meza kwa meza akauliza kwa mdomo. Mimi niliogopa kuonekana namtuhumu mtu. Basi nikafanya kama ofisi yetu inavyofanya na matangazo yote: nikachapa karatasi ya kupitishwa mezani, nikaeleza makato hayo kwa herufi ndogo zilizopangika vizuri, nikaomba anayetumia programu hiyo ajitokeze, na kila mtu aweke saini kwamba amesoma. Karatasi ilirudi na saini zote. Hakujitokeza mtu. Benki ikazuia malipo, nikaiandikia na kampuni yenyewe, wakili akanisifu mbele ya wenzangu, na siku nzima nikatembea kifua mbele.

Wiki iliyofuata Mama Mihuri alivua spika zake akaziweka mezani. Tarishi akamuuliza kama wanamuziki wamegoma. Yeye akageukia kompyuta yake. Siku chache baadaye hati ya nyumba ikatoka na muhuri wake, jina la muuzaji likiwa mahali pa mnunuzi. Mteja alifoka hadi ngazini. Wakili alimuuliza Mama Mihuri imekuwaje, naye akasema tu kwamba amekosea. Akaambiwa aende nyumbani asubiri uamuzi.

Alipoondoka tu, nikapata majibu ya ile kampuni. Walisikitika kwamba tumeacha kutumia programu yao ya kuwasomea kwa sauti watu wasioona vizuri. Mama, hazikuwa nyimbo. Zilikuwa hati zetu, zikisomwa neno kwa neno.

Nilikwenda kwake. Alifungua mlango akasimama tu, mpaka nilipomwamkia ndipo akanitambua. Alinieleza kwamba macho yalianza kufifia miaka kadhaa nyuma, na wakili mzee aliyemtangulia huyu wetu, kabla hajastaafu, ndiye aliyemwekea programu hiyo na kumtunzia siri. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu! Alisema nikiulizwa niseme amezeeka, nisiseme haoni, kwa sababu akizeeka wataagana naye kwa soda na hotuba, lakini asipoona watamhurumia, na huruma yeye haimpiti kooni.

Sasa nikuambie lile ambalo sijamwambia mtu. Karatasi ile ilipofika mezani kwake, aliniita. Alisema miwani ameisahau, nimsomee imeandikwa nini. Nilikuwa mbioni kufunga hesabu za mwezi, nikamwambia ni jambo dogo tu, aweke saini. Akauliza wapi. Nikamshika kidole nikakiweka penye mstari. Nilimshika kidole, Mama, na bado sikuelewa. Akasaini, akanishukuru.

Nilipokwenda kwake hakulitaja hilo, nami nikaondoka bila kulitaja.

Wakili ataamua wiki ijayo. Nataka nimweleze yote, hata kama na kazi yangu itakwenda, lakini siri ya macho si yangu. Mama Mihuri ameniambia anakuja kupumzika kwako Jumamosi. Barua hii itamtangulia. Nakuomba umsomee yote, usiruke hata penye aibu yangu, kisha umwombee ruhusa kwa niaba yangu. Akikubali, nitaingia kwa wakili niseme kwa mdomo wangu. Karatasi sipitishi tena.

Msalimie Baba, na umwambie kaka viatu alivyonipa bado havijanitosha. Ulinde goti lako.

Na Mama Mihuri akikuuliza barua imeandikwa nini, tafadhali Mama, usimwambie ni jambo dogo.

Mwanao akupendaye,
Kisungura wako