Ramli ya Galaksi

Nizwa, Jumanne, Novemba 1983

Na mbele ya walimu wote! Hasira haijanishuka mpaka sasa hivi.

Niliwaambia wasichana wangu darasani kitu kimoja tu: nuru ya galaksi za mbali ni hafifu mno, kwa hivyo wataalamu huiwacha kamera ya darubini wazi saa nyingi, iikusanye kidogo kidogo. Na nuru hiyo iliondoka huko kabla dunia haijaumbwa. Basi tunachokiona ni zama za mwanzo.

Mudira, mkuu wa skuli, akaniita chumba cha walimu. "Kuona ya kale ni ramli. Huko kwenu Zinjibar ndivyo mlivyofundishwa?"

Kwetu! Mimi nimezaliwa Zanzibar, ndiyo, lakini babu yangu kazaliwa hapa hapa Nizwa.

Nilipomhadithia Ami Seif, anayegawa zamu za maji ya falaji, mfereji wa kunyweshea mashamba, kwa kutazama nyota usiku, nilidhani naye atanicheka. Akasema, "Maji yakiwa kidogo, si unauwacha mfereji wazi mpaka shamba linywe? Ajabu iko wapi?"

Na yeye hajaingia skuli hata siku moja.

Nuru imesafiri tangu kabla ya dunia, na imefika. Mimi nina miaka kumi na miwili hapa, bado naulizwa kwetu wapi.