Majina ya Wazee Ndani ya Kopo la Biskuti

Mpendwa Mama Ngāhuia,

Pokea salamu kutoka huku Pwani ya Mashariki, naomba unisaidie kwa shida ambayo nusu yake ni ya kompyuta na nusu ni ya shangazi yangu. Mimi ndiye niliyechaguliwa na ukoo kuandika nasaba yetu, na Shangazi Te Paea, mwenye miaka themanini na minne, ndiye pekee anayeijua yote kwa kichwa, basi kila Jumamosi yeye anasema, mimi naandika kwenye programu ya madokezo na kurekodi sauti yake, na tulikuwa tumefika kizazi cha tisa kompyuta ilipoanza kulalamika kwamba diski imejaa. Nikachunguza nikakuta mlaji ni programu yenyewe, imejirundikia faili za madokezo, picha na sauti zote, gigabaiti arobaini, nikazihamishia kwenye diski ndogo ya nje, kompyuta ikawa nyepesi, nikafurahi kweli, nikaitumbukiza diski kwenye kopo la biskuti jikoni isije ikapotea. Shangazi akaja kunywa chai, akafungua kopo.

"Hiki nini?"

"Ni ile nasaba, Shangazi, nimeihamisha."

"Umewaweka wazee wangu na biskuti?"

"Ni faili tu, Shangazi."

"Faili tu. Basi kaandike faili zako, mwanangu, mimi nimenyamaza."

Hii ni wiki ya tatu. Ananiletea mkate wa kukaanga kama kawaida, anacheka na wanangu, nyumbani tuna raha zote, ila nikigusa habari ya nasaba anaangalia dirishani. Na jana nilipofungua programu, ikaniambia haioni madokezo. Nifanyeje?

Rāwinia

Rāwinia,

Nimecheka, kisha nikakasirika. Anayekuletea mkate hajakususa, kwa hiyo tulia. Lakini umelelewa wapi wewe? Kwa desturi yetu kichwa na wafu ni vitakatifu, havikutanishwi na chakula; hata kofia huiweki juu ya meza ya chakula, halafu majina ya marehemu unayatia kwenye biskuti? Na kumwambia "ni faili tu" mtu aliyeyabeba kichwani tangu usichana wake, hapo ulikosa adabu.

Kompyuta kwanza, maana ndiyo rahisi. Usifute chochote. Ulizihamisha faili bila kuiambia programu, nayo inazitafuta zilipokuwa. Chomeka diski, ingia kwenye mipangilio ya programu, pale pa kuchagua faili zikae wapi ioneshe folda mpya, kisha ifunge na uifungue tena. Sikiliza sauti ya kizazi cha kwanza mpaka cha tisa. Zikisikika zote, tengeneza nakala ya pili, umpe mtu wa ukoo mwenye adabu kukuzidi. Diski yenyewe itoke jikoni leo, ikae chumba kisicholiwa kitu, karibu na picha za marehemu wenu. Wala usitafune ukiandika, najua unatafuna.

Sasa shangazi. Nenda kwake, useme umekosa. Usimweleze mambo ya diski, na neno "lakini" liache nyumbani. Kompyuta pia iache. Akitaka kuongea viazi vitamu vya bustani yake, ongeeni viazi. Siku moja atakuuliza mliishia kwa nani. Mtaje mzee huyo na baba yake na babu yake, mpaka wa kwanza, kwa kichwa. Anza kujifunza leo.