Aliyeharibu Ile Gesi Ni Mimi

Nyuma ya kanisa,
Kesses, Eldoret.
Jumapili, 20 Julai 2025

Mpendwa mwanangu Lusweti,

Miaka tisa! Ulipoondoka, binti yako Nelima alikuwa darasa la saba. Sasa ana miaka ishirini na mbili, anavaa kofia ya chuma na kuendesha gari la mashindano. Ule mparachichi uliopanda wiki ya kuondoka tunakula matunda yake mpaka tunagawia kanisa, na wewe hujaonja hata moja. Hiyo Perth ya Australia wamekufunga kamba mguuni? Unatuma blanketi, unatuma dawa ya magoti, unatuma kila kitu isipokuwa wewe.

Haya, nimemaliza kufoka. Hujambo, papa, babangu? Mgongo wako unaendeleaje huko mgodini? Unapata ugali ama ni mikate tu? Ukikonda nitajua hata kwa sauti ya simu.

Sisi tuko wazima, Mungu asifiwe. Magoti yangu yanalalamika kwa sababu ya baridi ya Julai, lakini yananifikisha shambani. Mahindi yamenipita kichwa. Ng'ombe alizaa ndama jike, na wanafunzi wa chuo waliopanga vile vyumba viwili hawana kelele sana, ila mmoja anapika samaki mpaka paka anahamia kwake.

Anayeandika ni Mildred, mke wa ndugu yako Mulongo, aliyetoka Bungoma kunitembelea, maana mimi shule niliiona nikipita barabarani tu. Nimemwambia aandike vile ninasema, asinipambe. Neno hili ninalokuja kukwambia sikutaka kulisema kwa simu, kwa sababu kwa simu unanikatiza.

Ni mambo ya ile chupa ya buluu uliyotuma ndani ya kontena la rafiki yako. Ilifika salama na mipira yake yote ya kupitisha gesi. Nelima akaenda kuijaza gesi Nairobi, akarudi amefurahi kama bibi harusi. Nilimuuliza, "Hii ni ya kupikia?" Akacheka. "Kukhu, nyanya yangu, hii ni ya kupikia injini." Akanikalisha akanieleza polepole. Injini inapumua kama mtu. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Wakimbiaji wetu wameizoea, lakini gari halijaizoea, linahema. Sasa dereva akibonyeza kidude karibu na usukani, gesi inaingia kuiongezea injini pumzi, petroli nayo inaongezwa, na gari linaruka kwa sekunde chache tu. Petroli ikikosa kuongezwa sawasawa, moto unazidi na pistoni zinayeyuka.

Nikamuuliza, "Na wewe utayeyuka?"

"Mimi nina mkanda, Kukhu."

Nikamwambia mkanda haujawahi kuzuia mtu kuyeyuka. Lakini nilimwona mikono. Alifunga ile mipira moja moja, akakagua, akafungua, akafunga tena. Hata Lennox, mwenye garaji anakofanya kazi, aliniambia, "Mama, huyu msichana wako ana mkono safi kuliko wanaume wangu wote." Nikatulia.

Mashindano yalikuwa Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, upande wa mji mdogo wa Ziwa, kwenye kiwanja cha ndege cha zamani cha shamba fulani. Gari lilikuwa kwa Lennox, lakini chupa Nelima aliilaza hapa nyumbani, kwa kuogopa wezi wa garaji. Kulipopambazuka aliishika akasema, "Ai, imelala baridi. Ikiwa baridi gesi inakosa nguvu. Tukifika nitaipasha na ile blanketi yake ya umeme." Akaenda kuoga.

Sasa, Lusweti, wewe unanijua. Kitu kikiwa na baridi ndani ya nyumba yangu, mimi nakaa? Kifaranga kikilowa, ninakiweka kando ya jiko. Ndama wa Julai, kando ya jiko. Wewe mwenyewe ulizaliwa kabla ya wakati, nikakulaza kando ya jiko mwezi mzima, na ndiyo maana uko. Nikaichukua chupa, nikaiweka pale karibu na makaa, nikaisogeza tena kidogo. Halafu nikatoka kukamua.

Mlio niliousikia sijawahi kusikia. Jikoni kulijaa moshi mweupe, baridi kama mvua ya mawe, na jiko nalo likawaka mpaka paa, kama limemwagiwa mafuta. Sufuria ya chai nilikuja kuiokota mlangoni. Kumbe ile chupa ina kifuniko kidogo cha usalama, ikipata moto sana kinapasuka kiachilie gesi, ili chupa yenyewe isije ikaua watu. Kwa hiyo tulishukuru Mungu na huyo aliyefikiria kifuniko. Lakini gesi yote ilikwenda, na ndiyo iliyokuwa ya kushindania.

Mtoto alitoka bafuni mbio, sabuni usoni. Unajua aliuliza nini kwanza? Hakuuliza chupa. Alinishika vidole, kimoja kimoja, akahesabu kama niko kamili. "Kukhu, umeumia? Kukhu, niangalie." Alipoona niko mzima, akakaa chini kwenye matope. Nikamwambia aende aniache na aibu yangu. Akasema, "Wewe utaenda na mimi. Leo huachwi peke yako na moto."

Basi tukaenda. Wanaume wa pale walipoona hana chupa, wakaanza. "Msichana, leo unatumia maombi?" Lennox akawajibu, "Subirini, mtaomba nyinyi." Nelima alikuwa wa nne kati ya magari kumi na moja, kwa injini tupu. Sitakudanganya, wa kwanza alikuwa na gesi, akapita kama amefukuzwa. Mwingine mwenye gesi injini yake ilikufa katikati ya njia, akarudi akivutwa kwa kamba. Wetu alikuja nyumbani kwa magurudumu yake, na mimi nimeketi mbele, nikipungia watu mkono. Nilifurahi, Lusweti. Sijui mara ya mwisho nilifurahi hivyo.

Halafu ukapiga simu kesho yake, Jumapili. Nilikuwa hapo, nachambua maharagwe, na Nelima ameweka sauti kubwa. Nikamsikia anakwambia, "Baba, sikufunga valvu vizuri. Ni kosa langu." Na nikakusikia ukimwambia amechezea kitu cha watu wazima, kwamba hana kichwa cha kazi hiyo, auze hilo gari. Na mimi, niliyejua ukweli, nikaendelea kuchambua maharagwe.

Baadaye nilimuuliza kwa nini alidanganya. Akasema, "Kukhu, Baba akijua, atasema umezeeka, atakuhamishia kwa Mulongo Bungoma. Utakufa kwa huzuni huko." Mildred ameacha kuandika kidogo hapa. Nimemwambia aandike, nyumba yao ni nzuri, lakini si yangu.

Kwa hiyo mtoto alibeba kosa langu ili nibaki na jiko langu. Tangu siku hiyo gari liko chini ya turubai. Alhamisi alikuja mtu kuliangalia, akazunguka mara mbili, akasema atarudi Jumamosi ijayo kulichukua. Jumatatu tajiri mmoja wa Elgon View alikuwa ameleta gari lake, anataka litengenezwe na "yule msichana wa nne." Nelima akamwelekeza kwa Lennox. Anasema babake amesema hana kichwa.

Ukweli ndio huo. Valvu ilifungwa vizuri, mkono wa Nelima haukukosea popote. Aliyeharibu gesi ni mimi. Ukitaka kusema nimezeeka, sema, mimi na jiko hatutoki. Ila barua hii Mildred ataipiga picha leo aitume kwa simu yako, na kabla ya Jumamosi umwambie mtoto gari lisiuzwe. Hilo ni la haraka.

Mulongo anakusalimu, Lennox pia, na wazee wa kanisa wanauliza kama ungali unaimba. Nimeitemea karatasi mate ya baraka mara mbili, Mildred amekunja uso, mwache. Wele, Mungu wetu, akufunike mchana na usiku, ardhi ya watu isikumeze, na mikono yako ikupe chakula.

Sasa sikiliza. Ukija Desemba, na utakuja, usianze kwangu. Shuka mjini, nenda moja kwa moja garajini, umwambie Nelima kwa mdomo wako, mbele ya wanaume wa pale, kwamba ulikosea. Halafu uingie gari lake, ufunge mkanda, akulete hadi hapa. Ukifika kwa teksi sitafungua mlango.

Ni mimi mamako, ninayekupenda hata nikigomba,
Nanyama
(kidole gumba changu hiki hapa)