Kurasa 1,912 na Karatasi Niliyoiweka Kifuani

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: anayejulikana kazini kama Bibi Harusi (jina kamili limo kwenye kitabu cha kituo)
Umri: miaka 24
Elimu: kidato cha nne
Kazi: mpangaji wa kurasa, kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule
Makazi: chumba na sebule, nyumba za kupanga nyuma ya kiwanda
Muda wa kuandikisha: saa 6:20 mchana

...na ndiyo maana nilikuwa nasema pale kaunta, afande, kabla hujapata kalamu inayoandika, kwamba mliyemweka ndani si mwizi. Ni mume wangu. Tumeoana wiki tatu na siku mbili. Ndiye fundi wa kompyuta kiwandani kwetu, na mwenye kosa ni mimi.

Leo, tarehe 14, aliondoka nyumbani saa 12:15 asubuhi nikiwa bado nimelala. Tangu tuoane hajawahi kuniamsha. Huniachia chai kwenye chupa, na karatasi chini ya kikombe. Kila siku. Karatasi hiyo siisomi asubuhi. Naiweka kifuani, naisoma wakati wa chakula, maana nikiimaliza mapema siku inakuwa ndefu mno. Wenzangu hunicheka. Wacheke tu. Mwandiko wake umeinama kidogo, kama mtu anayetaka kukuegemea begani, na

(Nimemwomba shahidi arudi kwenye tukio.)

Sawa. Nilifika kazini saa 1:50. Simu niliiacha getini kwa mlinzi. Sote huziacha, ili vitabu visipigwe picha kabla havijatoka. Saa 2:00 nikawasha kompyuta. Tuko sita chumba cha kurasa na wote tunatumia Windows. Folda ya vitabu vya darasa la tano, kurasa 1,912, haikufunguka.

"Jamani, kwangu hakuna kitu," alisema dada wa meza ya dirishani.

"Afadhali wewe. Kwangu hata folda yenyewe siioni."

Kwa wote sita ilikuwa hivyo hivyo. Ni kazi ya miezi mitano, afande, na vitabu vinatakiwa Ijumaa. Dada wa dirishani alianza kulia.

Saa 2:40 meneja aliingia na mlinzi. Mlinzi alisema saa 1:05 alimwona fundi akitoka na mashine moja ya kutunzia kurasa, ameifunga kwenye shuka la maua. Shuka hilo ni letu, la zawadi ya harusi. Nilijua ni yeye kweli, kwa sababu hawezi kubeba kitu cha umeme bila kukifunika kama mtoto.

Saa 3:30 fundi alirudi mikono mitupu, akipiga mluzi.

"Vitabu vyangu umevipeleka wapi?" meneja alimuuliza.

"Bosi, vitabu viko humu humu ndani. Mashine nimeipeleka kwa mtengeneza feni, ilikuwa inachemka. Ngoja nikuonyeshe."

"Asiguse kompyuta yoyote!" meneja alipiga kelele. "Nani alijua kama unaitoa?"

"Wewe, bosi. Jumatatu nilikwambia."

Hilo nalithibitisha. Jumatatu saa 9:00 alasiri nilikuwa mlangoni na prufu, kurasa za kusahihishwa, mkononi, nikamsikia meneja akimjibu, "Mambo yako ya mashine usiniletee, fanya unavyojua." Leo alisema hakumbuki.

"Mwingine uliyemwambia?"

Mume wangu aliniangalia mara moja tu. Akasema, "Sikumwambia mtu."

Wakamshika wakamleta kwenu. Hata alipokuwa anapandishwa gari aliniambia, "Usisahau kula." Niliweka mkono kifuani kwa uchungu, karatasi ikalia. Ndiyo hii hapa. Naomba uandike ilivyo, ila mstari wa mwisho usiusome kwa sauti:

"Mke wangu, mashine ya pili naipeleka ikatengenezwe. Kabla ya saa mbili mwambie Babu Wino auhamishe mlango wa Windows kwenye mashine ya tatu, nimeshamfundisha. Asipohamisha hamtaona kitu, lakini msiogope, hakuna kilichopotea. Jana jioni ulivyocheka nilitaka dunia isimame kidogo."

Niliisoma saa 4:25. Alikuwa ameshachukuliwa.

Nikueleze, afande, maana aliwahi kunieleza kwa vikombe vitatu mezani mpaka nikaelewa. Kurasa zetu zinakaa kwenye mashine tatu, vyumba vitatu tofauti. Kila ukurasa una nakala kwenye kila mashine, kwa hiyo moja ikiugua, mbili zinaendelea. Ila kompyuta zetu za Windows haziongei na mashine hizo moja kwa moja. Zinapita mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa kwenye mashine iliyotolewa. Mashine ya tatu iko chumba cha sahani, kule wanakotengeneza sahani za kuchapia. Hicho chumba hufunguliwa na Babu Wino, msimamizi wake, saa 1:30, ndiyo maana mume wangu hakuweza kuuhamisha mwenyewe.

Chumba cha sahani wanatumia Linux badala ya Windows, na kompyuta zao huzungumza na mashine zote bila mlango. Sisi tunawaita Pengwini, kwa yule ndege wa nembo ya Linux, wao wanatuita Madirisha, na tangu tugombanie feni hatusalimiani. Nilivuka korido kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nilikuta wanafanya kazi! Vitabu vile vile tulivyokuwa tunavililia, wao walikuwa wameshavitolea sahani arobaini.

"Madirisha mna msiba gani leo?" Babu Wino aliniuliza. "Kelele zenu zinafika huku."

"Babu, mume wangu amepelekwa polisi."

Nikamnyooshea karatasi. Aliisoma, mstari wa mwisho akajifanya hakuuona, akauhamisha mlango. Saa 4:50 kurasa zote zilirudi kwenye kompyuta zetu, 1,912, nimezihesabu na meneja amesimama nyuma yangu. Hata marekebisho niliyoyafanya jana saa 10:00 yapo.

Kabla yake tulikuwa tunakimbizana na flashi, kila chumba na ukurasa wake. Kuna kitabu kilitoka na picha ya figo imeandikwa moyo. Yeye ndiye aliyetufanya tule sahani moja. Sasa nikiusogeza moyo huku, Pengwini wanauona kule kule. Mtu wa namna hiyo anaiba nini?

Alisema hakumwambia mtu ili nisiulizwe. Huo ndio uongo wake pekee. Aliniambia. Sikusoma. Kama kuna wa kulala ndani, ni mimi.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ndiyo hayo. Nimesomewa, nimeona ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA OFISA

Karatasi imepokelewa kama kielelezo. Meneja na msimamizi wa chumba cha sahani wamefika na kuthibitisha. Meneja sasa anakumbuka mazungumzo ya Jumatatu. Fundi ameachiwa saa 7:40 mchana. Alipotolewa alimuuliza shahidi kama amekula. Hakuwa amekula.

Shahidi hana kosa la kuwekwa ndani. Nimemshauri awe anasoma asubuhi. Amesema atajaribu.

Jalada litafungwa mashine ikirudi kutoka kwa fundi wa feni. Nitafika kiwandani mwenyewe kuishuhudia ikiwekwa mahali pake, kabla mwezi haujaisha.